Mvinyo mwekundu wa bei nafuu, na joto letu

Nitaanza na friji, maana hapo ndipo pesa nyingi za mvinyo mwekundu huokolewa au kupotea. Maelekezo ya kizamani, ambayo mpaka leo utayakuta nyuma ya baadhi ya chupa, yanasema mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumbani. Chumba chenyewe ni cha Ulaya ya zamani, nyumba ya mawe yenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Sinza, Dar es Salaam, mwezi wa Februari ina nyuzi 30, na feni inalisukuma joto lilelile kutoka pembe moja kwenda nyingine. Ukimimina mvinyo katika hali hiyo, pombe ndiyo inayokuwahi puani. Harufu ya matunda inageuka ya jamu iliyopikwa kupita kiasi, na ule uchachu unaokufanya utamani funda la pili unalegea. Mnywaji anakunja uso, anajilaumu kwamba amenunua ya bei rahisi. Wiki inayofuata anaongeza elfu kumi na tano, ananunua chupa ya heshima zaidi, na hiyo nayo anainywa ikiwa ya moto.

Hizo elfu kumi na tano zibaki mfukoni. Chupa iliyokaa kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa iingize kwenye friji kama saa moja kabla ya kula. Ukiwa na haraka, itumbukize kwenye ndoo ya barafu na maji kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Maji usiyasahau: barafu tupu inaigusa chupa hapa na pale, maji yanaizunguka yote. Arusha, Mbeya au Nairobi dakika 20 za friji zinatosha, na usiku wa Julai huenda usihitaji hata hizo. Unachotafuta ni chupa yenye ubaridi kidogo kiganjani, isiyofikia ubaridi wa bia. Mvinyo mzito kama Cabernet Sauvignon unapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, mwepesi kama ule wa Beaujolais unakubali hata 13. Chupa ikilala kwenye friji usiku kucha, itoe nusu saa kabla ya kumimina, kwa sababu baridi kali nayo inaficha harufu na kuukaza ukakasi. Na kama shangazi yako anatia vipande viwili vya barafu kwenye glasi yake ya mvinyo mtamu mchana wa Januari, mwache anywe kwa amani.

Nimelisisitiza joto kwa sababu, kwa maoni yangu, katika ukanda wetu ndilo linalotenganisha chupa nzuri ya bei ya kawaida na chupa mbaya, kuliko jina, nchi au bei. Mvinyo wetu mwingi umevuka bahari ndani ya kontena. Ukashuka bandarini, ukakaa juani, ukapakiwa kwenye lori, ukaingia stoo yenye paa la bati. Hata ukiufikisha mezani na nyuzi 17 kamili, kama ulishapikwa njiani hutaurudisha. Kwa hiyo ushauri wa kununua unaanza na macho.

Ukifika dukani, tazama kwanza chupa zimewekwa wapi. Zilizo kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana, zilizo juu ya mashine ya friji ya soda, na zile za rafu ya juu kabisa chini ya bati, ziache hata kama zina punguzo. Kisha ishike chupa yenyewe. Yenye kizibo cha gome la mti imefunikwa shingoni kwa karatasi ya plastiki au ya bati jembamba. Jaribu kuizungusha kwa vidole. Ikizunguka kwa urahisi, vizuri. Ikiwa imeng'ang'ania, au ukiona mstari wa kitu cha kunata umeteremka kutoka mdomoni, mvinyo ulipanuka kwa joto ukapenya pembeni ya kizibo. Ukigusa juu na kukuta kizibo kimejitokeza kama kinataka kutoka, habari ni ileile. Tazama pia kimo cha mvinyo shingoni ukilinganisha na chupa za jirani. Ile iliyopungua kuliko wenzake irudishe rafuni.

Halafu tafuta mwaka. Huku kwetu imani imeenea kwamba mvinyo kadiri unavyozeeka ndivyo unavyonoga. Hiyo ni kweli kwa chupa chache sana duniani, zilizotengenezwa kwa kusudi hilo na kutunzwa mahali penye ubaridi usiobadilika. Mvinyo wa kila siku umetengenezwa unywewe ndani ya miaka miwili au mitatu tangu zabibu zivunwe. Kwa hiyo chupa ya mwaka 2015 yenye vumbi, iliyopandishwa bei na kuwekwa peke yake kwenye kabati la kioo, muuzaji anakuuzia umri tu. Jambo dogo la kukumbuka: nchi za kusini kama Afrika Kusini, Chile na Argentina huvuna kati ya Februari na Aprili, wakati Ulaya huvuna Septemba na Oktoba. Chupa mbili zenye mwaka mmoja kwenye lebo zinaweza kupishana nusu mwaka.

Kifuniko cha kuzungusha kisikutishe. Watu wengi bado wanadhani ni alama ya mvinyo duni, na mtu anaona aibu kukipeleka kwenye send-off. Kwa mvinyo wa kunywa mapema mimi ninakitafuta kwa makusudi. Kizibo cha gome wakati mwingine hubeba kemikali iitwayo trikloroanisoli, kwa kifupi TCA, inayoupa mvinyo harufu ya katoni iliyolowa au tambara lililosahaulika kwenye ndoo. Haidhuru mwili, ila inaua matunda yote. Ukiikuta hotelini, irudishe chupa bila kuona haya. Ukiikuta nyumbani, ndipo utakapojua kama duka lako ni la kuaminika. Ninapendelea duka dogo linalouza haraka na kuagiza mzigo mpya mara kwa mara, lenye mwenyewe anayekubali kusikiliza malalamiko, kuliko supamaketi yenye aina mia mbili zinazokaa mwaka mzima chini ya taa.

Sasa bei. Katika kila chupa kuna gharama ambazo hazijui kilichomo ndani: kioo, kifuniko, lebo, katoni, nauli ya meli. Tanzania ushuru wa bidhaa kwenye mvinyo hutozwa kwa lita, hivyo chupa ya bei ya chini na ya bei ya juu kutoka nchi moja zinalipa ushuru huo sawasawa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, vitu hivyo vyote vinakula shilingi 12,000 kwa chupa. Chupa ya 18,000 inabakiza 6,000 za kugawana mkulima, mtengenezaji, muuzaji na kodi nyinginezo. Chupa ya 27,000 inabakiza 15,000. Wewe umeongeza nusu ya bei, lakini kilichobaki kwa ajili ya mvinyo wenyewe kimekuwa mara mbili na nusu. Ndiyo maana ya chini kabisa rafuni mara nyingi si nafuu ya kweli, na hatua moja juu yake ndiyo inayolipa kuliko zote.

Ukiendelea kupanda, faida inapungua. Huko juu unalipia jina la shamba, chupa nzito isiyo na kazi, na mapipa mapya ya mwaloni. Pipa la kawaida la Bordeaux lina lita 225, yaani chupa 300, na bei yake ni mamia ya yuro. Pesa hizo zinarudi kwako. Mvinyo wa bei ya kawaida unaonukia vanila sana huwa haujalala kwenye pipa jipya. Umetiwa vipande vya mwaloni ndani ya tangi, kama mtu anavyotia mdalasini kwenye chai. Hakuna kosa hapo, ila usikubali kulipia pipa ambalo halikuwepo.

Kabla sijataja aina, tuujue ulimi, kwa sababu ushauri wangu hautakufaa kama hujui wewe mwenyewe unapenda nini. Zoezi lake halihitaji mvinyo hata tone. Chemsha chai ya rangi, majani mengi, iache ikae robo saa bila sukari. Inywe ikipoa. Kile kinachokaza fizi na kukausha ulimi ni ukakasi, na unatokana na tanini, jamii ileile iliyomo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Kisha kamulia ndimu kwenye maji, onja, ufunge mdomo na kusubiri. Mate yatajaa pembeni mwa ulimi: huo ni uchachu. Rudi kwenye maji yaleyale ya ndimu, tia kijiko kimoja cha sukari, koroga, onja tena. Uchachu haujaondoka, umefunikwa tu. Hapo umeshaelewa sehemu kubwa ya yanayozungumzwa na waonjaji. Kilichobaki ni pombe, ambayo huisikia kama joto kooni baada ya kumeza, na uzito, ule ujazo wa kinywa unaotofautisha maji na maziwa.

Watu wengi wa kwetu walianzia kwenye mvinyo mwekundu mtamu: Dompo ya Dodoma, Four Cousins ya Robertson huko Afrika Kusini, au 4th Street ambayo Nairobi wanaijua vizuri. Hakuna cha kuchekwa. Utamu huo ndio ulioficha ukakasi ukakuwezesha kumaliza glasi ya kwanza. Shida inakuja mtu anapoamua kuhamia mvinyo mkavu, akaambiwa na rafiki anayejua kwamba Cabernet Sauvignon ndiyo mfalme, akainunua. Ni kuruka ngazi tatu. Anarudi kwenye utamu akiapa kwamba mvinyo mkavu ni dawa. Mimi humshauri mtu wa namna hiyo apitie kwanza zabibu laini zenye matunda mengi na ukakasi mdogo: Merlot ya Chile, Malbec ya Argentina, Primitivo ya kusini mwa Italia, au Garnacha ya Hispania. Hizo ni kavu kweli, ila zimeiva kiasi kwamba kinywa kinadhani kuna sukari. Soma lebo: neno "dry" maana yake sukari karibu yote imegeuka pombe; "semi-sweet" na "natural sweet" maana yake iliyobaki ni nyingi. Wauzaji wengi hupanga zote rafu moja, na ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Ukitaka kujua unachopenda bila kudanganywa na lebo, onja kwa kufunika. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha jaribio walilofanya Bordeaux kwa wanafunzi 54 waliokuwa wakisomea utengenezaji wa mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameshaamua. Na mwaka 2008 watafiti wa California waliwapa watu mvinyo uleule mara mbili, kila mara wakiutajia bei tofauti, huku wakiupiga picha ubongo wao. Ule uliotajwa kuwa ghali ulisifiwa zaidi, na picha zilionyesha kwamba hawakuwa wanajifanya: sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilichangamka zaidi kweli.

Kwa hiyo waite marafiki wachache, kila mtu alete chupa, na mkubaliane kitu kimoja cha kulinganisha. Kwa mfano, Pinotage tatu za bei tatu, au Merlot ya nchi tatu. Mtu mmoja azifunge chupa kwa magazeti hadi shingoni na kuziandika namba. Zote zitoke kwenye friji moja kwa wakati mmoja, la sivyo mtakuwa mnapima joto. Mimina kidogo, mililita 50 tu. Chupa moja inatoa onjo 15. Jikoni pasikaangwe samaki, udi usifukizwe siku hiyo, na mwenye manukato makali akae karibu na mlango. Wekeni bakuli la kutemea, mkate mtupu na maji. Sheria yangu moja ambayo huwa siilegezi: kila mtu aandike maoni yake kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Katika kila kundi kuna mwenye sauti kubwa, na akishasema "ya pili ina mwaloni mzuri", wote wataanza kuusikia huo mwaloni. Msihangaike na maneno ya tumbaku na ngozi ya farasi. Maswali mawili yanatosha: ungependa glasi nyingine ya hii? Na ungelipa kiasi gani? Ndipo fungueni magazeti. Mara nyingi ya katikati kwa bei ndiyo itakayokuwa imekwisha, na ya ghali itakuwa nusu.

Twende kwenye rafu. Afrika Kusini ndiyo iliyojaa madukani mwetu, na ndiko kwenye thamani nzuri ukijua kusoma. Tangu mwaka 1973 wana utaratibu wa kuthibitisha asili ya mvinyo, na kwenye shingo ya chupa nyingi kuna stika ndogo ya uthibitisho. Lebo ikiandika "Western Cape", zabibu zimetoka popote katika eneo kubwa. Ikitaja Stellenbosch, eneo ni dogo na jina linalipiwa. Kwa kunywa siku za kazi mimi hutafuta Paarl, Robertson na zaidi ya yote Swartland, nchi kavu ya ngano kaskazini mwa Cape Town yenye mizabibu ya zamani isiyomwagiliwa. Shiraz ya huko ina pilipili manga na matunda meusi, na haijapandishwa bei kama ya majirani.

Pinotage inastahili maneno yake. Ni mtoto wa Stellenbosch: mwaka 1925 Profesa Abraham Izak Perold alichanganya Pinot Noir ya Ufaransa na Cinsaut, ambayo wakati huo Afrika Kusini waliiita Hermitage, na jina likatoka hapo. Ikitengenezwa vibaya inanuka mpira uliochomwa, na watu wengi waliionja hivyo mara ya kwanza wakaiacha. Ikitengenezwa vizuri ina zambarau mbivu na moshi kidogo, na hukaa na kitimoto au mbuzi wa kuchoma kana kwamba vilipangwa pamoja. Zipo Pinotage zinazonukia kahawa na chokoleti waziwazi; harufu hiyo inatokana na mwaloni uliochomwa sana, na kwangu glasi moja inatosha. Mzazi wake, Cinsaut, kwa muda mrefu alidharauliwa na kutiwa kwenye michanganyiko ya bei ya chini. Siku hizi watengenezaji wanamtoa peke yake: mwepesi, rangi ya kung'aa, ukakasi mdogo. Ukikuta chupa ya Cinsaut, ipoze zaidi kidogo, hadi nyuzi 13 au 14. Sijui mvinyo mwekundu unaoifaa pwani yetu kuliko huo.

Argentina ni Malbec. Zabibu hii ina asili ya kusini magharibi mwa Ufaransa, lakini Mendoza, chini ya milima ya Andes, iliipa jua la mchana na baridi ya usiku, kwa kuwa mashamba mengi yako kwenye mwinuko wa mita 700 hadi zaidi ya 1,000. Matokeo ni mvinyo wa rangi nzito usiouma. Ni nadra Malbec ya bei ya kati kukuangusha, na ndiyo ninayoipeleka nikialikwa kwenye nyama choma na watu nisiowajua vizuri. Chile wao wana Merlot na Cabernet za kutegemewa, na wana Carmenère, ambayo hadi mwaka 1994 wakulima wengi waliiuza wakidhani ni Merlot, mpaka mtaalamu wa mizabibu Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitazama shambani na kuwaambia ukweli. Ina harufu ya pilipili hoho mbichi. Wengine wanaichukia, kwa maharage yaliyoungwa vizuri mimi ninaipenda.

Walioko Ulaya wana uwanja mpana zaidi, na kwao neno langu ni fupi: ondokeni kwenye majina makubwa. Bordeaux ya bei ya chini kabisa mara nyingi ni nyembamba na kali. Kwa pesa hiyohiyo chukueni Côtes du Rhône, Minervois au Corbières za kusini mwa Ufaransa, Garnacha ya Calatayud au Campo de Borja huko Hispania, Alentejo ya Ureno, au Montepulciano d'Abruzzo ya Italia. Maeneo haya yana jua, ardhi yake haina bei ya kutisha, na hayana sifa ya kuuza.

Dodoma nimeiacha mwisho kwa sababu inahitaji muda. Ni uwanda mkavu wa mita zaidi ya 1,000, na mzabibu wa pale haupati kipupwe cha kuulaza kama wa Ulaya. Mkulima anaulaza mwenyewe kwa kuupogoa, na kwa hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka: mara moja kati ya Februari na Machi, mara nyingine Agosti na Septemba. Zabibu nyekundu inayotambulika zaidi inaitwa Makutupora, jina la kijiji chenye kituo cha utafiti. Hombolo zimepandwa pia aina za Italia kama Aglianico na Teroldego, pamoja na Syrah. Jua likiwa kali hivyo, sukari kwenye zabibu inapanda haraka na uchachu unashuka, na hapo ndipo mtihani wa mtengenezaji ulipo: akichelewa kuvuna, mvinyo mkavu unakuwa mzito na mlegevu. Chupa za Dodoma kavu hupishana sana, hata ndani ya lebo moja, kwa hiyo nunua moja, onja, ndipo urudi kwa katoni. Ninazozipenda ni zile za Syrah au Makutupora zilizo changa kabisa, zinazonukia matunda yaliyochumwa asubuhi, zikinywewa na baridi ya kutosha. Zina faida mbili juu ya zote nilizotaja: hazijapita kwenye kontena baharini, na mvinyo wa zabibu za nyumbani unatozwa ushuru mdogo kuliko ule wa kutoka nje. Wakulima wa Dodoma wamelia kwa miaka kuhusu kukosa wanunuzi msimu wa mavuno. Sitakuomba unywe kitu kibaya kwa ajili ya uzalendo, ila usiipite rafu yao bila kuitazama. Majirani zetu Wakenya nao wana mashamba ya mizabibu Naivasha, na wenye nafasi ya kufika huko wazijaribu chupa zao.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Mafuta ya nyama na chumvi hulainisha ukakasi, ndiyo maana Cabernet inayokutesa ikiwa peke yake inakuwa mpole mbele ya mbavu za mbuzi. Pilipili hufanya kinyume: inaichochea pombe na kuukoleza ukakasi, kwa hiyo kwenye mishikaki ya pilipili nyingi chukua mvinyo laini, uliopozwa, wenye pombe isiyozidi asilimia 13. Kachumbari yenye ndimu huufanya mvinyo mlegevu uonekane maji, na hapo Barbera au Chianti ya Italia, zenye uchachu wake, husimama vizuri. Pilau na Shiraz ni marafiki wa zamani. Samaki wa kupaka na pweza wa nazi waachie mvinyo mweupe. Chuma kilichomo kwenye mvinyo mwekundu huamsha shombo ya samaki, na hakuna bei inayoponya hilo.

Glasi yoyote iliyobana kidogo mdomoni inafaa. Mimina theluthi yake tu, harufu ipate pa kukaa. Chupa moja ni glasi tano za mililita 150, na hesabu hiyo ifanye kabla hujafungua ya pili, hasa kama kuna mtu anaendesha gari.

Watu wengi humaliza chupa wasiyoitaka kwa kuogopa kwamba kesho itakuwa imeharibika. Haiharibiki kesho. Adui ni hewa na, tena, joto. Ukijua mtakunywa nusu, ukifungua tu mimina nusu ya pili kwenye chupa safi ya maji ya ukubwa unaolingana nayo, ijaze mpaka mdomoni kusibaki hewa, funga, weka kwenye friji. Siku tatu nne baadaye itakuwa karibu kama ilivyokuwa. Mvinyo wa boksi una mfuko wa ndani unaojikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, na ukiwekwa kwenye friji unafika wiki nne bila shida. Kwa mtu anayekunywa glasi moja usiku, boksi zuri la Afrika Kusini lina thamani kuliko chupa nyingi nilizozisifu hapa, ila tafuta tarehe ya kupakiwa ubavuni, kwa kuwa mfuko wa plastiki hautunzi kama kioo. Lililopita miezi tisa liache.

Mabaki yaliyofika wiki na kuanza kunuka siki kidogo yatie kwenye nyama ya ng'ombe ya mifupa, baada ya kukaanga kitunguu na kabla ya nyanya. Acha yachemke bila kifuniko mpaka yapungue nusu, ndipo uongeze maji. Chumvi itie mwisho.